Kununua na kufufua nyumba ya zamani Tabora: shughulikia maji kabla hujagusa rangi

Nyumba yetu ipo Gongoni, Tabora mjini. Kuta ni za tofali mbichi juu ya msingi wa mawe, milango ni ya mninga, na mbele kuna baraza ambapo mzee aliyetuuzia alikuwa akinywa kahawa kila jioni. Tuliinunua tukiwa na mtoto wa miaka mitatu na mwingine tumboni. Ndugu walitushangaa. Walisema kwa fedha ile tungepata kiwanja Ipuli tukajenga taratibu nyumba ya bloku. Sina ugomvi na wanaojenga upya. Lakini nyumba iliyo karibu na soko na shule, yenye kuta nene zinazotunza ubaridi mwezi wa kumi jua linapochoma, inasikitisha kuiona ikibomolewa kwa sababu tu plasta imebanduka.

Naandika kwa ajili ya familia changa inayofikiria kufanya kama sisi. Mpangilio wa hatua ni ule ambao ningeufuata leo. Sisi tulianza na mwingine na ulitugharimu.

Jambo moja ulishike tangu mwanzo: karibu kila ugonjwa wa nyumba hizi unatokana na maji. Kuna yanayoingia kwa juu, yanayopanda kutoka chini, na yale ambayo watu wenyewe wameyafungia ndani ya ukuta kwa simenti. Rangi, vigae na dari za kisasa vyote vingoje.

Hatua ya kwanza: iangalie nyumba mvua ikinyesha

Hapa kwetu mvua huanza Novemba na kuishia Aprili. Ukipelekwa kuona nyumba mwezi Agosti, kila ukuta ni mkavu na kila dari inapendeza. Kama unaweza, nenda Februari au Machi ardhi ikiwa imeshiba, tena uchague siku ya mvua yenyewe. Mara ya tatu sisi tulikwenda na miavuli, tukasimama sebuleni nusu saa bila kuongea, tunasikiliza. Chumba cha nyuma kilikuwa kinadondosha matone kwenye pembe moja. Pembe hiyo ilitupunguzia bei.

Ukishindwa kwenda wakati wa mvua, soma alama zilizoachwa. Darini tafuta miduara ya rangi ya chai. Ukutani angalia ile nusu mita ya chini: rangi iliyovimba, unga mweupe wa chumvi, plasta inayomeguka ukiigusa. Kisha zunguka nyumba nzima ukigonga plasta kwa kifundo cha kidole. Iliyoshika hutoa mlio mzito, mfupi. Iliyoachana na ukuta hulia kama debe tupu. Weka alama ya chaki kila inapolia hivyo, halafu rudi nyuma hatua chache uone ni eneo kubwa kiasi gani.

Nyufa zisikutishe zote. Ufa mwembamba kama unywele kwenye plasta ni wa kawaida. Ufa unaopanda kwa mshazari kutoka pembe ya dirisha, au unaopitisha kidole, unaeleza kwamba msingi umezama upande mmoja au dirisha halina lenta, ile boriti ya juu yake inayobeba ukuta. Huo muonyeshe fundi mwashi mzoefu kabla hujataja bei.

Beba bisibisi. Choma taratibu chini ya fremu za milango, pale mbao inapokutana na sakafu, na kwenye ncha za boriti zinapoingia ukutani. Mbao nzima itakukatalia. Iliyoliwa na mchwa itameza bisibisi kama mkate, hata kama kwa nje rangi yake bado inang'aa.

Paa likaguliwe kwa ndani na fundi mwenye tochi, mchana, ili kila tundu lionekane kwa mwanga wake. Mabati ya zamani usiyadharau kwa kutu ya juu juu. Bati hupimwa kwa geji, na namba ndogo ndiyo bati nene: geji 28 ni nene kuliko 30, na 30 ni nene kuliko 32. Tulikuta mabati yetu ni mazito kuliko mengi yaliyokuwa yakiuzwa madukani, tukabadilisha tisa tu yaliyotoboka.

Ukiona paa la karatasi nzito za kijivu zenye mawimbi makubwa, zinazolia kama jiwe ukizigonga, huenda ni asbesto. Usizikate wala kuzivunja, na usizisugue kwa brashi kavu. Vumbi lake likiingia mapafuni linaweza kuleta saratani miaka mingi baadaye. Ongea kwanza na watu wa mazingira wa manispaa kuhusu namna ya kuziondoa, na gharama hiyo iingie kwenye mazungumzo ya bei. Kwa familia yenye watoto wachanga, mimi ningetafuta nyumba nyingine.

Hatua ya pili: hakikisha anayeuza ana haki ya kuuza

Nyumba ya zamani mara nyingi ni ya urithi, na nyumba ya urithi ina wenyewe wengi. Aliye Tabora anataka kuuza, aliye Dar es Salaam hajaambiwa, na yupo shangazi anayeishi chumba cha uani tangu kabla hujazaliwa. Omba kuona barua ya mahakama inayomteua msimamizi wa mirathi, na muhtasari wa kikao cha familia wenye saini za warithi. Kisha wapigie simu warithi wenyewe. Usitosheke na neno "wote wamekubali".

Kama muuzaji ana mke au mume, ridhaa ya maandishi ya mwenzi wake ni lazima. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inakataza kuuza nyumba wanayoishi wanandoa bila mwenzi kuridhia, na mwenzi asiyeshirikishwa anaweza kukupeleka mahakamani ukiwa umeshahamia.

Ardhi yote nchini ni ya umma, Rais akiwa mdhamini wake. Unachonunua ni haki ya kuitumia ardhi pamoja na jengo lililo juu yake. Ndivyo ilivyo kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi Namba 4 ya mwaka 1999. Kwa hiyo uliza: haki hiyo imeandikwa wapi? Kama kuna hati, fanya upekuzi kwa msajili wa hati uone kama jina ni la muuzaji, miaka iliyobaki ni mingapi, na kama kuna benki iliyoishikilia kwa mkopo. Kwenye mitaa ya zamani utakuta wenye leseni ya makazi, wenye ofa (barua ya kumilikishwa kiwanja) ya miaka mingi iliyokunjwa ndani ya Kurani au Biblia, na wenye karatasi ya mauziano tu. Nyumba isiyo na hati inaweza kununuliwa, ila bei yake isiwe ya nyumba yenye hati, na kazi ya kurasimisha ianze mapema. Muhuri wa mwenyekiti wa mtaa ni ushahidi mzuri wa mauziano. Hata hivyo, upekuzi nao ufanyike.

Majirani ndio kumbukumbu ya mtaa. Nyuma ya nyumba yetu anaishi bibi mmoja. Tulikwenda kumsalimu asubuhi na kilo mbili za sukari, tukakaa naye kwenye mkeka. Kabla hatujauliza lolote alinyoosha fimbo kuelekea kwenye mwembe. "Mpaka unapita hapo, wajukuu zangu, na wajukuu wa jirani hupita uani kwenda bombani tangu zamani." Hakuna karatasi iliyokuwa na habari ya hiyo njia. Tukairuhusu ibaki, tukaiandika kwenye mkataba.

Madeni ya nyumba yaulizwe moja moja: kodi ya pango la ardhi, bili ya maji ya TUWASA, wapangaji waliolipa kodi ya miezi mbele. Kodi ya jengo tangu mwaka 2021 hukatwa kwenye LUKU, umeme wa kulipia kabla, hivyo kagua pia kwamba mita ni ya nyumba hiyo na haina deni. Mkataba uandikwe na wakili wenu, asiwe wakili wa muuzaji. Kodi ya ongezeko la mtaji ni mzigo wa muuzaji, ushuru wa stempu ni wa mnunuzi, yote yaandikwe. Malipo yapite benki. Na majina ya mume na mke yaingie wote wawili. Nimeona jirani mjane akihangaika miaka kwa sababu ya jina moja kukosekana.

Kama nyumba ina mlango au fremu ya nakshi ya kale, ijulikane kwamba Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda milango na fremu zilizochongwa kabla ya mwaka 1940. Atakuja mtu na gari akitaka kuununua mlango peke yake. Mjibu kwamba mlango hautoki hapo.

Jambo la mwisho kabla ya kulipa: kati ya fedha mlizonazo, theluthi moja msiiguse. Ndiyo ya matengenezo. Kama bei inaimeza hiyo theluthi, nyumba hiyo bado si yenu.

Hatua ya tatu: kaeni msimu mmoja na daftari

Mkishahamia, zibeni panapovuja, rekebisheni nyaya za hatari, kisha mtulie. Kila mvua kubwa inapopita, zungukeni na daftari: maji yamesimama wapi, ukuta upi umelowa na hadi kimo gani. Kwenye kila ufa wa kutilia shaka chora kistari cha penseli kila upande, pima nafasi iliyo kati yake, andika tarehe ukutani hapo hapo. Baada ya miezi sita pima tena. Ufa usiosogea ni wa kuziba tu. Unaopanuka unahitaji kutafutiwa chanzo kwenye msingi.

Uani, kabla watoto hawajaachiwa kukimbia, tafuteni mashimo ya zamani. Nyumba ya miaka sitini huenda imehama vyoo mara tatu. Chini ya rundo la majani sisi tulikuta kipande cha bati, na chini ya bati shimo ambalo kokoto tuliyodondosha ilichukua muda kufika. Mtoto wetu alikuwa ameshacheza juu yake siku mbili. Waulizeni majirani wakongwe vyoo na visima vilikuwa wapi, mjaze kwa kifusi na udongo, mshindilie.

Hatua ya nne: paa, kisha ardhi inayozunguka nyumba

Kazi za paa zianze Mei, mara mvua inapokatika. Badilisha mabati yaliyotoboka, misumari iliyolegea na papi (mbao zinazoshikilia mabati) zilizooza. Hakikisha paa linatokeza nje ya ukuta angalau sentimita 60. Ukuta wa udongo unahitaji kofia pana. Fisha bodi, mbao za ukingo wa paa, zikishakaa sawa, weka mifereji ya kukinga maji na uyapeleke kwenye tangi au mbali na nyumba. Kukata kenchi, mbao zinazobeba paa, au kubadili umbo la paa ni jambo la kibali cha ujenzi, ulizeni manispaa mapema.

Kama darini kuna popo, kinyesi chao kisifagiwe kikavu. Kilowesheni kwanza, anayefagia avae barakoa, na watoto wawe kwa bibi yao siku hiyo.

Ardhi ndiyo watu huisahau. Miaka na miaka ya kumwaga majivu na kufagia uchafu kuelekea ukutani huinua uwanja hadi ukawa juu kuliko sakafu ya ndani. Maji ya mvua yanakimbilia wapi? Ndani ya ukuta. Upande wa kaskazini wa nyumba yetu tulichimba sentimita arobaini kabla ya kuyafikia mawe ya msingi, na mawe yale yalikuwa yamefukiwa muda mrefu hata mizizi imeota kati yake.

Chimbeni taratibu, kipande kwa kipande, wala msiende chini ya kitako cha msingi; mkikifichua kitako chote kwa mkupuo mmoja ukuta unaweza kukaa vibaya. Mkimaliza, uwanja uteremke kutoka ukutani, kama sentimita tano kwa kila mita, hadi kwenye mfereji. Pembeni ya ukuta wekeni changarawe. Fundi atataka kumwaga zege kuzunguka nyumba yote. Zege lililogandamana na ukuta huziba njia ya unyevu kutoka ardhini, na unyevu huo hupanda ukutani. Migomba na karo la kuoshea vyombo vihamie mbali. Tulipofanya haya tu, kabla hatujagusa ukuta, alama ya unyevu sebuleni ilishuka kwa upana wa kiganja katika kiangazi kimoja.

Hatua ya tano: kuta

Hapa nitakaa, maana hapa ndipo nyumba nyingi za Tabora zinapouawa na watu wanaozipenda.

Mwaka wetu wa kwanza, kabla sijajifungua, fundi mmoja alituambia, "Mama, ukitaka ukuta huu udumu, piga simenti nje na ndani." Tukamwamini. Tukapiga simenti upande wote wa mbele, ukapendeza, watu wakatupongeza. Februari plasta ikaanza kuvimba chini ya dirisha. Mume wangu aliingiza mwiko pembeni, na kipande kikubwa kama ubao wa mlango kikateleza chote kikaanguka barazani. Nyuma yake tofali zilikuwa nyeusi kwa maji. Nilibonyeza kwa kidole gumba kikazama hadi kwenye kucha. Ukuta ule ulikuwa umesimama mkavu tangu kabla sijazaliwa, na sisi tulikuwa tumeulowesha kwa miezi mitano.

Mzee mmoja fundi, aliyejifunza kazi kwa baba yake, ndiye aliyetueleza. Alisema ukuta wa udongo ni mtungi. Maji ya mtungini hupoa kwa sababu mtungi unatoa jasho. Upake mtungi rangi ya mafuta uone kama maji yatapoa. Ukuta wa tofali mbichi hunywa unyevu kidogo kidogo na kuutoa hewani. Simenti ni ngumu, haifuati mwendo wa udongo, kwa hiyo hupata nyufa ndogo usizoziona. Mvua inaingia kwenye nyufa hizo, kutoka haiwezi, na tofali nyuma yake zinarudi kuwa tope. Nendeni Kwihara, nje kidogo ya Tabora, mkatazame tembe, nyumba ya udongo yenye paa bapa, aliloishi mvumbuzi Livingstone mwaka 1872. Ni ukuta wa udongo, na ukuta wa udongo hudumu kwa kuhudumiwa.

Basi fanyeni hivi. Bandueni simenti yote iliyoachana na ukuta. Iliyoshika kwa nguvu sana iacheni kwanza, kuing'oa kwa nyundo kutavunja tofali. Ukuta uliofunuliwa uachwe upumue, kwetu ulichukua Juni na Julai nzima. Tofali zilizoliwa zitolewe moja moja na kurudishiwa tofali mbichi zenye ukubwa uleule, zikijengwa kwa udongo. Bloku la simenti katikati ya ukuta wa udongo ni jiwe kwenye godoro.

Udongo wa plasta tuliutoa kwenye kichuguu, kwa kuwa una mfinyanzi mwingi, tukauchanganya na mchanga. Kuujua udongo wako, jaza theluthi ya chupa ya maji ya lita moja na nusu kwa udongo uliopepetwa, ongeza maji na chumvi kidogo, tikisa sana, weka chupa mahali isipoguswa. Mchanga utatua karibu mara moja, mfinyanzi utachukua hadi kesho yake au zaidi. Utaona matabaka kama ya keki, na utajua una mchanga kiasi gani tayari.

Anzeni na kipimo kimoja cha udongo wa kichuguu kwa viwili au vitatu vya mchanga, nyasi kavu zilizokatwa urefu wa kidole, na samadi ya ng'ombe. Loweka, kanyaga kwa miguu, funika kwa wiki nzima. Harufu itakuwa kali halafu itapotea. Kisha usiamini maneno ya mtu, hata yangu: paka vipande vya majaribio ukutani, kila kimoja ukubwa wa sinia, kwa mchanganyiko tofauti, ungoje siku tano. Kilichopasuka kinadai mchanga. Kinachotoa vumbi ukikisugua kinadai mfinyanzi. Kwetu kilichoshinda kilikuwa kile cha mchanga vipimo viwili na nusu. Kwako kitakuwa chake.

Lowesha ukuta kabla ya kupaka. Koti la kwanza liwe nene kama kidole, likwaruzwe kabla halijakauka ili la pili lishike. Upepo wa kiangazi hukausha haraka mno, kwa hiyo ning'inizeni magunia yaliyoloana na mnyunyize maji asubuhi na jioni.

Juu yake tulipaka chokaa. Loweka chokaa ndani ya maji tangu jana yake, chuja kwa kitambaa, tia chumvi kidogo, upake makoti membamba manne au matano badala ya mawili mazito. Kabla hujanunua mifuko mingi, jaribu mmoja: kuna unga mweupe unaouzwa kama chokaa ambao haushiki kamwe, utauona mikononi na kwenye nguo wiki kadhaa baadaye. Chokaa inaunguza. Vaeni glavu na miwani, na mtoto asiwepo karibu na ndoo. Ikiingia jichoni osheni kwa maji mengi mfululizo na mwende hospitali.

Bafu na mahali pa kupikia ni habari nyingine. Maji ya kila siku yanashinda udongo. Sisi tulijenga bafu jipya uani kwa tofali za kuchoma, tukaacha nafasi kati yake na ukuta wa zamani.

Hatua ya sita: mbao na mchwa

Mchwa wa Tabora hawamalizwi, wanazuiwa. Wanapenda giza na unyevu, kwa hiyo kazi ya paa na ardhi imeshawapunguza nusu. Msirundike kuni wala maboksi ukutani. Kila wiki mtu mmoja azunguke msingi akitafuta vijia vya udongo vinavyopanda. Mkiviona, fuateni vinakotoka kabla ya kuvivunja. Dawa iliyosajiliwa ipigwe na mtu anayeijua, watoto wakiwa nje ya nyumba kwa muda ulioandikwa kwenye kibandiko.

Mninga ni hazina. Sehemu ya ndani ya gogo, ile nyekundu ya kahawia, huhimili mchwa. Ile nyeupe ya pembeni huliwa kama nyingine. Seremala akikuletea fremu mpya, geuza kila kipande uone weupe uko wapi. Nunua mbao zenye risiti na kibali cha misitu. Bora zaidi, jirani anapobomoa nyumba ya zamani, wahini mbao zake kabla hazijaingia jikoni.

Mlango wetu wa mbele ulikuwa na rangi nne: kijani juu, buluu, nyeupe, halafu kahawia nyembamba iliyogoma kutoka. Chini yake mninga, na kwenye kila kiungo cha fremu vistari vidogo vya patasi, viwili hapa, vitatu pale, alama za seremala za kujua kipi kinakwenda na kipi. Rangi hizo za mafuta za zamani zinaweza kuwa na risasi, ambayo huharibu ubongo wa mtoto hata ikiwa kidogo. Usipige msasa mkavu. Lowesha, kwangua, kusanya maganda kwenye gazeti lililolowa, fanyia kazi hiyo nje. Mama mjamzito asiikaribie. Mimi nilikuwa natazama kutoka barabarani.

Fremu irudishiwe juu ya kipande cha jiwe au zege, isiguse ardhi.

Umeme na maji

Nyaya za zamani zilizofunikwa kwa mpira unaomeguka zibadilishwe zote, hakuna kuunga. Tumieni mkandarasi mwenye leseni, waya wa erthi uwepo, na TANESCO wajulishwe. Mabomba ni rahisi kuyapima: fungeni koki zote usiku, soma mita, soma tena asubuhi. Ikiwa imesogea, kuna bomba linalolowesha ukuta au msingi wako kimyakimya.

Kuishi ndani ya kazi

Tulifanya chumba kimoja baada ya kingine, na chumba cha watoto kilikuwa cha kwanza kumalizika, kikafungwa mlango kisiingie vumbi. Ndoo ya maji ya kufanyia kazi haikulala bila mfuniko hata usiku mmoja. Mafundi tuliwalipa kwa hatua, kazi ikionekana, na chakula cha mchana kilitoka jikoni kwetu. Fundi aliyekula na watoto wako hakufichi tofali bovu nyuma ya plasta.

Kila Oktoba, kabla ya mvua, tunazunguka na daftari lilelile: mifereji isafishwe, changarawe irudishwe mahali pake, panapomeguka pazibwe, chokaa ipakwe upande wa mvua. Ni kazi ya siku tatu. Udongo unaobaki haumwagwi. Wetu uko kwenye pipa nyuma ya jiko, umefunikwa kwa gunia, na binti yetu, yule aliyekuwa na miaka mitatu, ndiye huuongezea maji Jumamosi usikauke.